Sura ya 6: Mzuri Kiribani, Mnyonge Tutani

"Mbona mche wangu ulikuwa umenawiri pale barazani, na sasa nimeuweka kwenye tuta lenye rutuba kuliko udongo wa kiribani, umelala?"

Swali hili huulizwa na mama mwenye miche kumi ya nyanya nyuma ya nyumba, huulizwa pia na kijana aliyekopa ili ajenge nyumba kitalu. Wapo wanaolaumu jua, wapo wanaolaumu mbegu. Wapo wanaokata shauri kwamba kilimo hai ni maneno matupu, wakaenda duka la pembejeo kununua kirutubisho cha chupa. Na wengi hufanya jambo linaloongeza tatizo: humwaga maji tuta zima asubuhi na jioni, kisha hushangaa mche ukizidi kusinyaa ilhali udongo wa pembeni umelowa chapachapa.

Jibu langu ni moja, na sura hii yote inalizunguka. Mche uliohamishwa leo bado haujahama. Kiriba kimeondolewa, lakini mizizi yote ingali ndani ya lile donge la udongo ulilotoka nalo. Kwa siku 5 hadi 10 za mwanzo mche unakula na kunywa humo humo, hata kama tuta limejazwa mboji bora ya wilaya nzima. Mizizi ikivuka mpaka kati ya udongo wa zamani na udongo mpya, mche umepona. Isipovuka, utadumaa, na mboji yako itawalisha magugu.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu majina. Kiriba ni ule mfuko mwembamba wa plastiki, wenye matundu chini, unaooteshewa miche. Trei ni sinia ya plastiki yenye vishimo vingi, kila kishimo mche mmoja. Tuta la kilimo hai, katika kitabu hiki, ni tuta lililojengwa kwa udongo, mboji na samadi bila mbolea ya kiwandani. Mboji ni majani, mabaki ya jikoni na samadi vilivyooza pamoja mpaka vikawa kitu kimoja. Samadi ni kinyesi cha mifugo. Mfano wangu mkuu utakuwa nyanya, kwa sababu ndiyo inayohamishwa na watu wengi, na kwa sababu ni mmea mwepesi wa kusema unapoumwa.

Ndani ya donge

Chukua trei ya matundu 128, ile inayotumiwa sana na waoteshaji wa miche. Tundu moja hubeba udongo wa kama vijiko viwili vya chakula. Hapo ndipo mche wenye majani manne unapotafuta maji yake yote. Kwenye banda la miche, penye kivuli na mtu wa kumwagilia mara mbili au tatu kwa siku, panatosha. Uhamishe mche huo kwenye tuta lililo wazi, jua la saa 6 mchana, upepo unapita: maji ya udongo wa vijiko viwili hayafiki alasiri.

Sasa tazama mzizi wenyewe. Sehemu inayofyonza maji kwa wingi si ule mzizi mnene unaouona kwa haraka. Ni vinyweleo, nyuzi fupi mno zinazoota karibu na ncha za mizizi michanga. Ukiuinua mche taratibu na kuutazama penye mwanga, utaviona kama ukungu mweupe uliogandamana na chembe za udongo. Vinyweleo hivi havidumu, na hukatika kwa kuguswa tu. Mche uliong'olewa kwa kuvutwa shina huacha sehemu kubwa ya vinyweleo vyake nyuma. Majani yanabaki yaleyale, yanapoteza maji kama jana, lakini midomo ya kunywea imepungua. Mche unalala, na kulala huko ni njia ya kujiokoa: jani lililoinama hupigwa na jua kidogo kuliko jani lililonyooka.

Lipo jambo la tatu, na hili ndilo wengi hawajaambiwa. Maji hayahami kutoka udongo mmoja kwenda mwingine kwa sababu tu kule ni kukavu. Udongo wenye chembe ndogo, mfano mfinyanzi, huvuta maji kwa nguvu. Udongo wenye chembe kubwa, mfano mchanga, au mchanganyiko wenye pumba nyingi za mpunga, huvuta kwa unyonge. Ukilitia donge jepesi la vumbi la makumbi ya nazi katikati ya tuta la mfinyanzi, tuta hulinyonya donge maji yake. Ukifanya kinyume, ukalitia donge zito la udongo wa kiribani katikati ya tuta jepesi lenye mchanga na mboji, maji unayomwaga pembeni hushuka moja kwa moja chini na kulipita donge bila kuingia. Na donge likishakauka kabisa, huwa gumu kulowa tena hata ukilimwagia maji juu yake. Yanateleza pembeni na kuzama kwingine.

Kwa hiyo upo uwezekano wa tuta kuwa na tope na mche ulio katikati yake kufa kwa kiu. Ukitaka kuthibitisha, chomeka kidole mara mbili: kwanza umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha shinani kabisa. Mara nyingi utakuta pembeni pana unyevu na shinani pamekauka.

*Kwa kifupi: mche mpya hulala kwa sababu donge lake ni dogo, vinyweleo vyake vimekatika, na maji ya tuta hayaingii donge kwa urahisi. Mambo yote matatu yanarekebishika kabla ya siku ya kuhamisha au siku yenyewe.*

Anza na udongo wa kiribani

Dawa iliyo nafuu kuliko zote huanzia mwezi mmoja nyuma, unapojaza viriba. Tengeneza udongo wa kiribani unaofanana na tuta utakalolipanda. Mchanganyiko ninaoupendelea ni sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu moja ya mchanga au pumba za mpunga zilizounguzwa. Udongo wa juu uchukue mahali ambapo hapajalimwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na inarithishana magonjwa.

Ukiwa umenunua miche ya trei kwa mwoteshaji, huna uamuzi juu ya udongo wake. Bado unaweza kutengeneza njia ya kati: siku ya kuhamisha, chukua udongo wa tuta, uchanganye nusu kwa nusu na vumbi la makumbi au udongo wa kitaluni, na mchanganyiko huo uzungushie donge ndani ya shimo. Mizizi ikitoka hukutana na kitu kinachofanana na kilichoilea, kisha taratibu inazoea tuta.

Mizizi ina wasaidizi pia udongoni. Zipo kuvu, yaani viumbe wa ukoo wa uyoga, wanaoishi na mizizi kwa kupeana: nyuzi zao nyembamba huenea mbali kuliko mzizi, zikaleta fosforasi na maji, na mmea ukawalipa kwa sukari. Wataalamu huiita ndoa hiyo maikoriza. Nyanya, pilipili, vitunguu na parachichi hufunga ndoa hiyo. Kabichi, sukuma wiki na jamaa zao hawaifungi kabisa, kwa hiyo usigharamie unga wa maikoriza kwa ajili ya kabichi. Kwa nyanya, tuta lenye mboji ambalo halichimbuliwi chimbuliwi kila msimu huwa nazo tayari.

Tuta liive kwanza

Kosa kubwa la wapenda kilimo hai ni haraka. Mtu anajenga tuta Jumamosi, anatia samadi mbichi ya kuku, Jumapili anapanda, Jumatano analia. Samadi mbichi hutoa amonia, ile gesi inayochoma pua ukiingia banda la kuku, na ina chumvi nyingi. Mizizi michanga ikiigusa huungua ncha na kugeuka kahawia. Ile desturi ya kutia kiganja cha samadi ndani ya shimo na kuusimamisha mche juu yake ina maana pale tu samadi ilipokwisha kuoza. Hata hivyo naona ni bora kuisambaza kwenye tuta zima wiki mbili au tatu kabla, uichanganye na udongo wa juu, umwagilie tuta kama vile limeshapandwa. Unyevu ndio unaowafanyisha kazi bakteria. Tuta kavu haliivi hata ukalisubiri mwezi.

Kosa lingine ni kulijaza tuta maranda ya mbao, mabua au pumba mbichi ili liwe jepesi. Vitu hivyo vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria wanaovila wanahitaji naitrojeni, na wanaichukua kutoka kwenye udongo, ileile ambayo mche unaitafuta. Matokeo ni miche ya manjano kwenye tuta ambalo mwenyewe anaapa limejaa mbolea. Imejaa kweli, ila imeshikwa na bakteria, na itarudi wao wakishamaliza kula.

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanalijua jambo hili kwa vitendo. Kwa zaidi ya karne moja wamelima ngoro kwenye miteremko mikali ya nchi yao. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana ikafanya miraba, halafu huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Panabaki shimo la kukinga maji ya mvua, na kulizunguka kuna tuta lenye nyasi zinazooza ndani. Zao linalotangulia kwenye matuta hayo ni maharage, ambayo hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi. Mahindi, mlaji mkubwa, husubiri msimu unaofuata, nyasi zikiwa zimekwisha kuoza. Mwenye bustani ndogo Mbagala au Kitale anaweza kuufuata utaratibu huohuo: tuta jipya lenye majani mabichi ndani yake lipe maharage au kunde kwanza, nyanya zije baadaye.

Mboji iliyoiva utaitambuaje? Biwi la mboji, yaani lile rundo linalooza, likijengwa vizuri hupanda joto mpaka nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Wakulima hupima kwa kuchomeka fimbo katikati ya biwi na kuishika baada ya muda. Biwi likigeuzwa mara kadhaa, likapoa lenyewe na halipandi joto tena hata ukiligeuza, limekaribia. Hapo fanya majaribio mawili:

- Loanisha kiasi cha mboji, itie kwenye chupa au mfuko, funga vizuri, iache siku 3. Fungua unuse. Harufu ya udongo ni salama. Harufu ya amonia au ya kuoza ina maana bado.
- Jaza kopo mboji, panda mbegu 20 za mchicha. Kopo la pili jaza udongo wa kawaida, panda mbegu 20 za pakiti ileile. Mbegu za kwenye mboji zikichelewa au zikiota zikiwa na ncha zilizoungua, mboji hiyo haijafaa kwa miche.

Kipimo cha tuta ni rahisi. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Kimo cha sentimita 20 hadi 30 kinatosha. Kwa tuta linalotumika kila msimu, debe moja la lita 20 kwa mita moja ya mraba huleta tabaka la sentimita 2 za mboji, na hilo ni chakula cha kutosha kwa msimu. Kupanda kwenye mboji tupu sikushauri: hukauka haraka, huporomoka kimo, na chumvi yake ni kali kwa mizizi michanga.

Uzoeshe mche

Jani lililokulia kivulini lina nta nyembamba juu yake, nayo nta ndiyo inayozuia maji yasipotee hovyo. Lihamishie juani ghafla, linapauka ndani ya siku mbili. Kuuzoesha mche ni kuupa muda wa kuinenepesha nta hiyo na kulikaza shina.

Siku 7 hadi 10 zinatosha. Siku mbili za kwanza utoe nje asubuhi, ukae juani saa mbili tu, urudi kivulini. Ongeza saa moja au mbili kila siku, mpaka siku ya mwisho ukae kutwa na ulale nje. Upepo nao ni sehemu ya mafunzo. Mche uliokulia dirishani una shina refu la kilegevu na utapinda siku ya kwanza upepo ukivuma. Katika siku hizo punguza maji, usiyakate. Uache udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, ila usiuache mche ulale kwa kiu kutwa nzima ukidhani unaufundisha ukakamavu.

Mche wa nyanya ulio tayari una majani kamili manne au matano, shina nene kama penseli au pungufu kidogo, na rangi ya kijani iliyoiva. Ukishaona maua ya kwanza ndani ya kiriba umechelewa. Yakwanyue hayo maua, uhamishe haraka.

Siku yenyewe

Subiri saa 10 jioni, au chagua siku ya mawingu. Mche unaopandwa jioni unapata usiku mzima wa kunywa bila kudaiwa maji na jua.

Saa moja kabla, jaza maji kwenye beseni, uzamishe kiriba au trei ndani mpaka maji yafike chini kidogo ya ukingo. Utaona mapovu yakitoka. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya udongo mkavu ikisukumwa na maji. Mapovu yakikoma, donge limeshiba, litoe, lichuje. Hatua hii inachukua dakika chache, na kama mtu angeniambia ana nafasi ya kufuata ushauri mmoja tu wa sura hii, ningempa huu.

Andaa shimo kabla hujagusa mche. Ukichimba mfinyanzi wenye maji kwa panga au kepe, kuta za shimo husagika zikawa laini na ngumu, na mizizi ikizifikia huanza kuzunguka ndani ya shimo kana kwamba bado imo kiribani. Zikwaruze kuta kwa vidole au kwa kijiti. Mwaga maji kiasi shimoni, yasubiri yazame.

Sasa toa mche. Wa trei usukume kwa chini, ukishika jani. Usishike shina, kwa sababu jani likivunjika litaota lingine, shina likipondeka mche umekwisha. Wa kiribani uchane mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini, kisha uumenye. Tazama mizizi. Nyeupe ni hai. Ya kahawia na yenye utelezi imeoza kwa maji mengi. Ikiwa imejizungusha chini ya donge mara mbili au tatu, imekaa kiribani kupita muda. Kwa nyanya ifungue kwa vidole, au chora mistari mitatu isiyo na kina kwa wembe ubavuni mwa donge. Mizizi mipya itatokea palipokatwa. Kwa miti kama parachichi, kahawa na mwembe, usilichukulie jambo hili kirahisi: kata kabisa ule mviringo wa chini. Mti ukipandwa na mizizi iliyojizungusha, mizizi hiyo huendelea kunenepa hivyohivyo, na miaka baadaye mti unaweza kujinyonga wenyewe au kuangushwa na upepo.

Kina cha kupanda hutofautiana, na hapa watu wengi hutumia kanuni moja kwa mimea yote:

- Nyanya: zamisha shina mpaka karibu na majani ya kwanza. Shina lililofukiwa huota mizizi. Mche mrefu uliodhoofika unaweza hata kulazwa ubavu ndani ya mfereji mfupi, kichwa kikibaki nje. Kama umeunganishwa, yaani umebebeshwa kwenye shina la aina nyingine, usiifukie kamwe sehemu ya kiungo.
- Pilipili hoho na biringanya: kina kilekile cha kiribani, au zidisha kidogo tu.
- Kabichi na sukuma wiki: hadi chini ya majani ya kwanza. Hizi ni sugu. Huhama hata mizizi ikiwa wazi.
- Matango, maboga na tikiti: hazipendi kuguswa mizizi. Zihamishe zikiwa na majani kamili mawili, donge zima, au panda mbegu moja kwa moja tutani.
- Papai na parachichi: kina kilekile, bila kuzidisha hata kidogo. Shina likifukiwa huoza.
- Karoti: isihamishwe. Mzizi wake ndio chakula, na ukijeruhiwa hugawanyika vidole.

Rudisha udongo, bonyeza kwa vidole kiasi cha kuondoa mifuko ya hewa, usikanyage. Acha kisahani kidogo kulizunguka shina ili maji yasitoroke. Mwagilia mara ya kwanza palepale, polepole.

Siku 10 za mwanzo

Maji yaende shinani. Kwa mche wa trei, nusu kikombe asubuhi na nusu kikombe alasiri kwa siku 3 au 4. Kwa wa kiribani, kikombe kizima asubuhi kinatosha penye hali ya hewa ya wastani. Baada ya hapo sogeza maji nje kidogo kidogo, duara likipanuka, ili mizizi iyafuate. Kufikia wiki ya pili mwagilia tuta zima mara chache lakini kwa wingi.

Kivuli ni cha siku 3 au 4, na kiwe upande wa magharibi, linakotoka jua kali la alasiri. Pwani wanachomeka kuti. Kilimanjaro na Bukoba jani la mgomba halikosekani. Kivuli kikizidi siku hizo, mche unaanza kurefuka ukitafuta mwanga, na kazi yote ya kuuzoesha inapotea.

Weka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, unene wa sentimita 5, lakini acha nafasi ya kiganja kulizunguka shina. Majani yanayogusa shina hulifanya lioze, na huwapa maficho sota, yaani viwavi wanaokata mashina ya miche usiku. Kwenye maeneo ya mchwa, kama Dodoma na sehemu nyingi za Pwani, usitandaze majani makavu kabisa juu ya tuta lenye miche michanga. Tandaza yaliyonyauka nusu, na mwagilia juu yake.

Chakula cha ziada kisubiri. Kirutubisho hakiusaidii mche usio na vinyweleo vya kukinyonya, na chumvi yake huweza kumalizia vile vichache vilivyobaki. Dalili ya kwanza ya kwamba mizizi imevuka utaiona alfajiri. Nenda bustanini kabla jua halijapanda, tazama ncha za majani ya nyanya. Ukiona matone madogo yamening'inia kwenye ncha tu, si jani zima, hayo si umande. Ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku mpaka yakatokea nje. Mzizi unaoweza kusukuma hivyo umeshapata maji tutani. Siku chache baadaye jani jipya la juu litafunguka likiwa na kijani hai kuliko yale ya kitaluni.

Hapo ndipo uanze kutoa chai ya samadi, yaani samadi iliyoloweshwa kwenye maji wiki mbili na kuzimuliwa mpaka ibaki na rangi ya chai isiyokolea. Imwage kwenye udongo, si juu ya majani.

*Kwa kifupi: maji shinani, kivuli upande wa magharibi kwa siku chache, matandazo mbali na shina, na mbolea baada ya jani jipya.*

Mche ukilala, uliza umelala lini

Mche uliolala mchana na kuamka jioni una kiu ya kuhamishwa tu. Usiuongezee mateso kwa kuung'oa ili uukague.

Uliolala na asubuhi hauamki, huku shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapogusa udongo, una kinyausi. Huo ni ugonjwa wa kuvu zinazopenda miche iliyosongamana na yenye maji mengi. Hauponi. Ondoa, punguza maji, na kitaluni mbegu zipandwe kwa nafasi.

Uliokatwa shina usiku na kuachwa umelala ubavu kama umekatwa kwa mkasi umepigwa na sota. Fukua sentimita 2 au 3 kuzunguka shina, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Muue, kwa sababu kesho atakwenda kwa jirani. Kuwazuia, zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu au ya kopo, nusu ndani ya udongo, nusu nje.

Wa nne ndio wa kuogopa. Mmea uliokwisha kushika vizuri, pengine una maua, unalala ghafla ukiwa kijani, bila kugeuka manjano, na baada ya siku chache hauinuki tena. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Yakishuka machirizi meupe ya maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kuponya. Bakteria wake hukaa udongoni muda mrefu na husafiri kwa maji, jembe na viatu. Mmea huo utoe pamoja na udongo wake, uuchome au uufukie mbali na bustani, usiutie kamwe kwenye biwi.

Ndani ya nyumba kitalu jambo hili ni zito zaidi. Nyumba imejengwa kwa gharama, mwenyewe anataka nyanya msimu baada ya msimu, na udongo haupumziki. Kupanda hoho baada ya nyanya si kubadilisha zao, kwa kuwa ukoo ni uleule. Vitunguu, kabichi au mahindi mabichi ndiyo mabadiliko ya kweli. Tena humo ndani hakuna mvua ya kusafisha chumvi ya samadi, kwa hiyo ukiona utando mweupe juu ya tuta, mwagilia kwa wingi mara moja au mbili kabla ya kupanda ili chumvi ishuke, na msimu huo tumia mboji badala ya samadi.

Kwa kila miche 100 unayohamisha, bakiza 10 kwenye viriba kwa ajili ya kujazia mapengo. Yajaze ndani ya siku 10. Miche hiyo ikichelewa zaidi ya hapo itasongwa na wenzake waliotangulia. Pengo lililoachwa na sota lijaze na nyanya. Lililoachwa na mnyauko bakteria lipandie kitunguu, na jembe ulilolitumia hapo lioshe kabla hujagusa tuta jingine.